Nyama ya Mawindo na Ugonjwa Usiosikia Moto: Somo kutoka kwa Wawindaji wa Kulungu wa Marekani Magharibi

Utangulizi

Kila mwaka majira ya vuli yaingiapo katika majimbo ya magharibi ya Marekani, makundi ya marafiki hufunga mizigo na kupanda milimani kuwinda. Mnyama atafutwaye na wengi ni yule ambaye Wamarekani humwita mule deer, na wataalamu humjua kwa jina la Odocoileus hemionus. Jina hilo limetokana na masikio yake makubwa yafananayo na ya baghala. Afrika Mashariki haina mnyama wa ukoo huo, hivyo makala haya yatamwita kulungu kwa urahisi tu. Kulungu wa Afrika hubaki na pembe zake maisha yake yote, ilhali huyu wa Marekani hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine.

Uwindaji huu hufanyika kwa wingi katika ardhi ya umma. Idara moja tu ya serikali kuu, Bureau of Land Management, husimamia takriban hekta milioni 99, na misitu ya taifa inachukua hekta nyingine zipatazo milioni 78. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo, mtu aliyepata kibali cha jimbo huweza kuwinda bila kumiliki hata kishamba. Kwa sababu hiyo nyama ya kulungu si anasa ya matajiri. Kwa familia nyingi ni kitoweo cha majira ya baridi, na kwa desturi hugawanywa kwa marafiki na majirani. Wahamiaji wazungumzao Kiswahili waliofanya makazi Colorado, Utah na Idaho nao huweza kuipokea kama zawadi.

Makala haya yanaeleza ugonjwa mmoja unaoandama kulungu hao, sababu zinazoufanya uwe tofauti na maradhi mengine ya nyama, na namna mhudumu wa afya anavyopaswa kumjibu mtu aliyekwisha kula nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo.

Kisa cha kufundishia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Marafiki wanne wanaofanya kazi katika ghala moja wanakwenda kuwinda Colorado. Mmoja wao ni mzaliwa wa Bukavu. Siku ya pili wanaangusha madume wawili, wote wanene na wenye manyoya yanayong'aa. Jua linakuchwa na baridi inazidi. Wanatumia kisu kimoja kuwapasua wote wawili, wanatia nyama katika masanduku ya barafu bila kuitenga, na usiku wanachoma ini na kulila pamoja. Kwa kufuata agizo la idara ya wanyamapori, wanapeleka vichwa vyote viwili kupimwa. Kisha wanagawana nyama sawa kwa sawa, kila mtu fungu lake.

Baada ya muda matokeo yanakuja. Dume mmoja hana dalili ya ugonjwa kimaabara, na mwingine anao. Hakuna anayeweza kusema ni fungu lipi lina nyama ya nani. Yule mzaliwa wa Bukavu amekwisha kuwapikia watoto wake mara tatu. Anakwenda zahanati na kuuliza swali moja tu: "Je, nimewaua wanangu?"

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huo ni ugonjwa sugu wa kudhoofika wa jamii ya kulungu. Ulionekana kwanza mwaka 1967 miongoni mwa kulungu waliofugwa katika kituo cha utafiti huko Colorado. Kwa zaidi ya miaka kumi ulidhaniwa kuwa ni utapiamlo au athari za kufungiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchunguzi wa ubongo ulionyesha matundu madogo madogo, kama ya sifongo, na hapo ukatambuliwa kuwa ni wa kundi moja na kichaa cha ng'ombe. Katika miaka ya 1980 uligunduliwa kwa wanyama wa porini. Leo umekwisha kuonekana katika zaidi ya majimbo 30 ya Marekani na katika baadhi ya majimbo ya Kanada. Umefika pia Korea Kusini, na tangu mwaka 2016 umethibitishwa Norwei, ambako kundi zima la reindeer zaidi ya 2,000 liliangamizwa katika juhudi za kuuzuia.

Kisababishi chake si virusi, bakteria wala kuvu. Ni protini. Miili ya wanyama na ya binadamu ina protini ya kawaida iitwayo protini ya prioni, ambayo hupatikana kwa wingi katika ubongo. Protini hiyo ikijikunja vibaya, huzilazimisha nyingine za aina yake kujikunja vivyo hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka chembe za ubongo zinakufa. Mwanasayansi Stanley Prusiner alipotoa hoja hiyo mwaka 1982 wengi walimkatalia, kwa kuwa ilionekana haiwezekani kitu kisicho na vinasaba kuambukiza. Mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mnyama aliyeambukizwa hukaa kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili bila dalili yoyote. Baadaye hukonda, hudondokwa na mate, huinamisha kichwa, masikio hulegea, hujikwaa na hupoteza woga wa watu. Hakuna tiba wala chanjo, na kila mnyama anayeugua hufa. Prioni hutoka kwa mate, mkojo, kinyesi na mzoga, na huweza kubaki udongoni kwa miaka. Madume wazima huathirika zaidi kuliko majike, na hao ndio wanaopendwa na wawindaji kwa sababu ya pembe zao.

Kwa nini moto hausaidii

Katika Afrika Mashariki elimu ya afya kuhusu nyama imejengwa juu ya kanuni mbili: mnyama aonekanaye mgonjwa asiliwe, na nyama ipikwe hadi iive kabisa. Kanuni hizo zimeokoa maisha ya watu wengi. Wakati wa mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 na 2007 huko Kenya, Somalia na Tanzania, wananchi walihimizwa kutochinja wanyama wagonjwa na kupika nyama vizuri, kwa kuwa virusi vya homa hiyo hufa kwa joto.

Kwa kulungu mwenye prioni, kanuni zote mbili zinapwaya. Kwanza, mnyama huyo huweza kuonekana mzima na mnono, kama walivyoonekana madume wa kisa kile. Pili, prioni haina uhai wa kuuliwa. Kuchemsha, kuchoma, kukausha kwa moshi na kugandisha kwenye friji haviiondoi. Jicho la mwindaji na moto wa mpishi havitoshi, hivyo kinachobaki ni kipimo cha maabara na uangalifu katika kupasua.

Je, binadamu huambukizwa?

Hadi sasa hakuna mtu aliyethibitishwa kupata ugonjwa kutokana na kulungu. Hilo ni jambo la kweli, nalo lisemwe wazi. Hata hivyo, kutokuwapo kwa ushahidi wa madhara si sawa na kuwapo kwa ushahidi wa usalama, na kuna sababu tatu za kutahadhari.

Sababu ya kwanza ni historia. Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na kwa miaka kadhaa wananchi waliambiwa kuwa nyama haina hatari. Mwaka 1996 ilitangazwa kuwa ugonjwa huo umewafikia watu, na zaidi ya watu 170 wamekufa nchini humo.

Ya pili ni muda. Ugonjwa wa kuru, uliowapata Wafore wa Papua New Guinea kwa desturi ya kula maiti katika maziko, ulionyesha kuwa prioni huweza kukaa ndani ya mtu hata zaidi ya miaka 50 kabla ya dalili kujitokeza.

Ya tatu ni matokeo ya majaribio. Nyani wadogo wa Amerika Kusini waitwao squirrel monkey waliambukizwa maabara, ilhali matokeo ya majaribio kwa macaque, ambao wana ukaribu zaidi na binadamu, yamepingana.

Kwa kuzingatia hayo, tangu mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba visababishi vya magonjwa yote ya prioni vizuiwe kuingia katika chakula cha binadamu.

Hatua za mwindaji na familia yake

Mwindaji hana budi kuulizia kama eneo analokwenda lina ugonjwa huo, na kama upimaji ni wa lazima. Asimpige wala asimguse mnyama aliyekonda au anayeyumba, bali atoe taarifa kwa idara ya wanyamapori. Wakati wa kupasua avae glavu, na aepuke kukata ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi za limfu. Wapo wanaoondoa miguu na minofu ya mgongoni bila kufungua tumbo wala kukata mfupa wa mgongo, na njia hiyo hupunguza kugusana na sehemu hizo. Majimbo mengi hukataza kusafirisha kichwa na uti wa mgongo kutoka maeneo yenye ugonjwa.

Nyama ya kila mnyama ifungwe peke yake na kuandikwa namba ya sampuli, na isiliwe wala isigawiwe kabla ya majibu. Anayepeleka nyama kwa mkataji aombe yake isichanganywe na ya wengine. Visu visafishwe kwanza kwa sabuni hadi mabaki yote ya nyama yatoke, kisha viloweshwe kwa dakika tano katika mchanganyiko wa sehemu mbili za jiki na sehemu tatu za maji. Dawa hiyo husafisha uso wa chuma tu. Haipenyi ndani ya kipande cha nyama.

Kipimo huchukua tezi za limfu zilizo nyuma ya koo. Jibu la kuwa ugonjwa haukuonekana hupunguza sana shaka, lakini si cheti cha usalama kamili, kwa kuwa mnyama aliyeambukizwa karibuni huweza asigundulike. Likija jibu la kuwa ugonjwa upo, nyama yote ya mnyama huyo, pamoja na ile iliyochanganyika nayo, iteketezwe kwa maelekezo ya idara husika.

Kumjibu mgonjwa

Mhudumu wa afya anayeulizwa swali la baba yule ana njia mbili rahisi, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kucheka na kusema, "Hamna kitu, nenda zako." Ya pili ni kuonyesha uso wa hofu na kuagiza vipimo visivyokuwapo. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mtu mwenye afya kama prioni ya kulungu imeingia mwilini mwake, wala hakuna dawa ya kumkinga baada ya kula.

Jibu lifaalo lina sehemu nne. Kwanza, aelezwe kuwa watu wengi wamekwisha kula nyama ya kulungu wenye ugonjwa huu bila kujua, na hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kuugua kwa sababu hiyo. Pili, aambiwe bila kufichwa kuwa wataalamu bado wanafuatilia, na ndiyo maana anashauriwa kuacha kabisa nyama iliyobaki. Tatu, tukio liandikwe katika faili lake: tarehe, eneo na namba ya sampuli. Nne, aondolewe lawama. Aliyepeleka kichwa kupimwa alitimiza wajibu wake. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa kazi, nalo hurekebishika msimu ujao.

Ipo tahadhari moja ya kitaalamu. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob hujitokeza wenyewe duniani kote kwa mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa kuwa wawindaji wa Marekani ni mamilioni, baadhi yao wataupata hata kama hawakuwahi kuonja nyama ya kulungu. Kwa hiyo mwindaji mmoja mgonjwa si uthibitisho. Mgonjwa yeyote mwenye usahaulifu unaokwenda mbio, kuyumba na mishtuko ya misuli apewe rufaa kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na historia yake ya chakula ichukuliwe kwa ukamilifu.

Hitimisho

Wanyama hawa hawapo Afrika Mashariki, lakini somo lao halina mipaka. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kuwa wameona ugonjwa wa prioni kwa ngamia walioletwa machinjioni Ouargla, nchini Algeria. Hakuna ushahidi kuwa umempata binadamu. Hata hivyo, kwa nchi zinazotegemea ngamia kwa maziwa na nyama, ni sababu tosha ya madaktari wa mifugo na wa binadamu kusikilizana mapema. Marafiki wale wanne hawakuhitaji kuacha kuwinda wala kuacha kugawana. Walihitaji vifungashio viwili, kalamu ya kuandikia namba, na subira ya kungoja majibu kabla ya kuwasha moto.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ushauri wa kupika nyama hadi iive unasaidia kuzuia homa ya Bonde la Ufa, lakini hausaidii kwa ugonjwa wa prioni?

2. Mgonjwa akisema, "Hakuna aliyewahi kuugua, basi nitaendelea kuila," mhudumu atamjibuje bila kumtisha wala kumdanganya?

3. Katika eneo la msomaji, nyama gani hugawanywa bila kupimwa, na nani anaweza kushirikiana na zahanati kubadili hali hiyo?