NYOTA ZINAZOLIPUKA NA USHAHIDI WA MIALI YA GAMA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twaendelea na masomo ya elimu ya falaki kwa wanafunzi wetu wa Kisii na Nyamira. Katika somo hili twataka kubainisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kuichunguza nyota na kupiga ramli kwayo.

Mwaka 396 wa Hijra (1006 Miladia) ilitokea mbinguni nyota ambayo haikuonekana kabla. Ali bin Ridhwan wa Misri, aliyekuja kuwa tabibu mashuhuri, aliiona akiwa kijana mwanzoni mwa masomo yake. Akaandika mahali ilipokuwa katika buruji, akakadiria ukubwa wake kuwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya Zuhura, na mwanga wake kuwa zaidi kidogo ya robo ya mwanga wa mwezi. Kisha akaihusisha na vita na njaa. Vipimo vyake vinatumiwa na wataalamu mpaka leo. Ubashiri wake haumfai mtu yeyote.

Basi nyota ile ilikuwa nini? Nyota iliyo mfano wa jua letu, moto wake wa ndani ukiisha, hubaki kiini kilichoshindiliwa: uzito kama wa jua ndani ya kitu chenye ukubwa kama wa dunia. Kiini hicho huitwa kibete cheupe. Kikiwa peke yake hupoa polepole. Walakini kikiwa na nyota mwenzi karibu, huweza kuvuta gesi yake. Gesi ikirundikana usoni pake hulipuka, na kibete chenyewe husalimika. Mlipuko huo huitwa nova. Lakini uzito wake ukikaribia mara 1.4 ya uzito wa jua, huweza kulipuka chote kisibaki kitu. Huo huitwa supanova. Nyota ya mwaka 1006 ilikuwa supanova ya kibete cheupe.

Twajuaje yaliyotukia ndani yake? Mwanafunzi wa hadithi ajua kwamba khabari hupimwa kwa wapokezi wake. Mwanga tuuonao kwa macho ni kama khabari iliyopita mikononi mwa wengi: umemezwa na kutolewa tena mara nyingi ndani ya vifusi vya nyota. Miali ya gama, ambayo nguvu yake yapita ile ya eksirei, ni kama shahidi aliyekuwapo. Vifusi vikishatawanyika, huja moja kwa moja kutoka ilikozaliwa. Katika supanova hii huzaliwa nikeli isiyodumu. Nusu yake hugeuka kobalti kwa siku 6 hivi, na nusu ya kobalti hugeuka chuma kwa siku 77 hivi. Kila mgeuko hutoa miali yenye nguvu maalumu, mfano wa sahihi ya mwandishi. Mwezi wa Januari 2014 ilionekana supanova katika kundi la nyota liitwalo M82, umbali wa miaka ya mwanga milioni 12 hivi, na chombo cha Ulaya, INTEGRAL, kikapokea sahihi ya kobalti ile. Nadharia ikapata shahidi.

Miali hii huzuiwa na hewa ya dunia, ndiyo maana vyombo hupelekwa juu yake. Katika khabari hii nchi yetu ina nafasi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliani la San Marco, baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha Marekani cha kuchunguza eksirei za mbinguni, kikaitwa Uhuru. Tarehe 15 Novemba 1972 kikafuata SAS-2, cha kupokea miali ya gama. Ama miali yenye nguvu kubwa kabisa, hiyo ikiipiga hewa hutoa kimulimuli cha samawati, nacho hunaswa na vioo vikubwa vya H.E.S.S. nchini Namibia. Agosti 2021 nova iitwayo RS Ophiuchi, nyota ambayo njia yake hupita karibu na utosi wetu, ililipuka, na vioo vile vikaipokea miali yake. Nova haikuwa imepata kuonekana kwa nguvu kiasi kile.

Ndugu msomaji, Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakadhani limepatwa kwa msiba ule. Akawakatalia, akawaamrisha kuswali. Basi ana udhuru gani leo anayetoa fedha yake ili asafishiwe nyota? Kadhalika wako wasomi wetu ambao kila kigunduliwacho hukimbilia kukitafutia aya. Chuma kimetajwa katika Sura ya Al-Hadid, nasi twaamini. Walakini anayeisoma aya baada ya mwenzake kumaliza uchunguzi, yeye hakuchunguza kitu.

Pwani ya Malindi ni yetu, na jina Uhuru ni la lugha yetu, lakini chombo na hesabu zake vilikuwa vya wengine. Bin Ridhwan alikuwa mwanafunzi tu alipoinua macho na kupima. Yatupasa tuwasomeshe wana wetu, wa kiume na wa kike, hesabu na fizikia pamoja na dini yao, wapate kuwa mashahidi na si wasimulizi.

Wabillahi taufiki.