Kupachika Chipu Katika Ubao wa Majaribio

Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alionyesha sakiti unganifu ya kwanza mwaka 1958. Chipu za aina hii ni ndogo, na pini zake ni laini. Katika shule yenye chipu chache, pini moja ikivunjika somo zima husimama. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujifunza namna ya kuipachika chipu kabla ya kuanza jaribio.

Matundu ya ubao wa majaribio yameachana kwa milimita 2.54, sawa na pini za chipu. Kila matundu matano ya mstari mmoja, upande mmoja wa mfuo wa katikati, yameunganishwa kwa chini. Chipu sharti iukalie mfuo huo, safu moja ya pini upande huu na ya pili upande wa pili. Ikiwekwa upande mmoja tu, pini zinazotazamana zitaunganishwa pamoja.

Pini za chipu mpya huwa zimetanuka. Mwanafunzi ailaze chipu kwa ubavu, pini za safu moja zikigusa meza, aigeuze polepole hadi pini zote za safu zisimame wima. Kisha afanye vivyo hivyo kwa safu ya pili.

Chipu ikitazamwa kutoka juu, kijikato chake kikiwa kushoto, pini ya 1 ipo chini kushoto. Hesabu huenda kulia, kisha hurudi kwa juu. Katika chipu 7400, pini ya 14 hupewa chanya ya volti 5, na ya 7 hasi. Chipu ikigeuzwa, huweza kuungua.

Umeme ukiwa umezimwa, chipu ikandamizwe sawasawa ncha zote mbili. Kisha ichunguzwe pembeni: pini iliyojikunja chini ya chipu huonekana kana kwamba imeingia, na mwanafunzi huishuku nadharia bure. Wakati wa kuitoa, bisibisi bapa ipitishwe katika mfuo, na kila ncha iinuliwe kidogo kwa zamu.

Zoezi

1. Unganisha pini ya 1 na ya 2 kwenye chanya, upime volti za pini ya 3. Hamishia pini ya 2 kwenye hasi, upime tena. Eleza tofauti.

2. Chipu 7400 huhitaji volti 4.75 hadi 5.25. Kwa nini betri tatu za tochi za volti 1.5 hazitoshi, na nne zimezidi?