SOMO LETU: Mshale wa Kompyuta Ukipotea, Hesabu Zisipotee



Vikundi vingi tunavyotembelea vimeanza kuweka hesabu kwenye kompyuta, mara nyingi zile za mitumba. Ni hatua nzuri. Lakini leo tunataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo limewahi kuleta taabu kubwa.

Visa viwili

Katika kikundi kimoja cha akina mama huko Kawangware, mweka hazina alikuwa anaingiza shea na mikopo, jioni ya kuamkia siku ya kugawana faida. Mara ule mshale wa kwenye kioo ukatoweka. Akasukuma mausi huku na huku, wapi! Kijana mmoja akamwambia, "Mama, zima tu halafu uwashe." Wakabonyeza kitufe cha stima mpaka mashine ikazima. Mshale ulirudi, lakini kazi ya mchana kutwa haikurudi, maana haikuwa imehifadhiwa. Kesho yake minong'ono ikaanza: "Hesabu zimepotea, au zimepotezwa?" Ilituchukua mikutano miwili kutuliza mambo. Kilichotuokoa ni daftari.

Kikundi kingine, cha Laini Saba, Kibera, kilipatwa na jambo lilo hilo. Wao walihifadhi kazi kwanza, ndipo wakatafuta sababu. Walikuta betri ya mausi imekwisha. Wakanunua nyingine dukani, wakaendelea. Fundi hakuitwa.

Tofauti ni nini? Wa pili walijua kwamba mshale ni kama kidole cha kuonyesha tu. Kidole kikifichika, kazi bado ipo. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani miaka ya 1960 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, nacho kilikuwa kisanduku cha mbao. Kabla ya hapo kompyuta zilikuwepo na watu walizitumia bila mshale. Hata leo, vitufe vya herufi vinaweza kufanya mengi peke yake.

Tufanye hivi, hatua kwa hatua

1. Usizime. Shikilia kitufe cha Ctrl, kisha bonyeza S. Kazi itahifadhiwa. Ukiulizwa jina, liandike, ubonyeze Enter.

2. Sukuma mausi kidogo. Programu nyingine huficha mshale wakati unaandika, na ukisukuma unarudi.

3. Angalia waya. Uchomoe, uuchomeke kwenye tundu lingine. Kama mausi haina waya, angalia betri, swichi iliyo chini yake, na kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta.

4. Kama ni laptopu, huenda mtu amefunga kile kibao cha kugusa kwa kidole bila kujua. Tazama mstari wa juu wa vitufe, F1 mpaka F12. Tafuta chenye picha ya kibao hicho, mara nyingi kimekatwa kwa mstari. Kibonyeze. Kama hakifanyi kitu, kibonyeze pamoja na kile cha Fn.

5. Bado? Sasa iwashe upya kwa utaratibu. Kwa kompyuta za Windows 10 au 11 zilizo katika Kiingereza, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na X. Viachilie, kisha bonyeza U, halafu R.

6. Azima mausi ya jirani ujaribu. Ikifanya kazi, basi yako ndiyo imekufa. Isipofanya kazi, sasa mwite fundi. Mwelezeni mliyokwisha kujaribu, na muulizeni bei kabla hajafungua mashine.

Kumbuka

Stima zetu hupotea bila kubisha hodi. Mweka hazina azoee kubonyeza Ctrl na S kila baada ya kuingiza hesabu za mwanachama mmoja, hata kama hakuna taabu yoyote. Tena, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Daftari liendelee kuandikwa, na mwisho wa kila mwezi lilinganishwe na kompyuta mbele ya watu wawili au watatu. Mashine inaweza kutengenezwa kwa siku moja, lakini imani ya wanachama ikivunjika huchukua muda mrefu kurudi.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kikundi chetu, ni wangapi wanaojua kufungua hesabu kwenye kompyuta? Huyo mmoja akiugua leo, tutafanyaje?
- Mara ya mwisho tulilinganisha daftari na kompyuta lini?
- Kitu kikiharibika mikononi mwa mwenzetu, je, tunamsaidia kwanza au tunamshuku kwanza?

Zoezi la mkutano ujao

Chomoeni mausi makusudi. Kila mmoja, hata yule mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aandike jina lake na alihifadhi kwa vitufe tu. Wazee wasiachwe nyuma, na vijana wasiwanyang'anye kibodi. Tukija kuwatembelea tutawaomba mtuonyeshe.