Tairi Lililolika Kama Kielelezo cha Kufundishia Chanzo na Matokeo

Mwalimu wa sayansi hana budi kuwazoeza watoto kutafuta chanzo cha jambo kabla ya kutoa hukumu. Katika kata ya Nyahanga, mjini Kahama, kielelezo cha zoezi hilo hakihitaji fedha. Barabara itokayo Isaka kuelekea Rwanda na Burundi hupitia Kahama, na kwa mafundi hukosi matairi makuukuu.

Swali la somo: Je, gari likifungwa matairi mapya, ni lazima lipimwe alaimenti, yaani ulinganifu wa mwelekeo wa magurudumu?

Jambo la kushika

Kubadilisha matairi peke yake hakuharibu alaimenti. Mwelekeo wa gurudumu hushikiliwa na tairodi, bushi na viungo vingine, wala si mpira. Viungo hivyo hulegea au kupinda kwa sababu ya mashimo na mawe ya njiani. Tairi jipya likifungwa penye kasoro hiyo, litalika kama lilivyolika la kwanza, na fedha ya mwenye gari itapotea. Kwa hiyo ni busara kupima wakati huo, na ni lazima ikiwa tairi la zamani limelika upande mmoja. Balansi ni jambo jingine: hiyo husawazisha uzito wa gurudumu, na yafaa ifanywe kila tairi jipya lifungwapo.

Hatua za somo

1. Leta matairi matatu: lililolika upande mmoja, lililolika katikati, na lililolika kingo zote mbili. Wanafunzi wapime kwa rula kina cha mifereji yake na kuandika vipimo. Tairi lililotokeza nyaya lisiguswe.

2. Kila kikundi kitoe makisio ya chanzo. Mwalimu ayaandike ubaoni bila kusahihisha.

3. Tumia gari la waya ambalo watoto hujitengenezea. Tandaza mchanga laini, vuta kamba iliyonyooka, kisha sukuma gari kuifuata. Pinda gurudumu moja la mbele kidogo, urudie. Alama ya gurudumu lililopindwa itakuwa pana na yenye mkwaruzo, kwa kuwa gurudumu hilo linabingirika na kuburutwa kwa wakati mmoja.

4. Sasa rudini kwenye makisio. Upepo ukizidi, tairi hulika katikati. Ukipungua, hulika kingo mbili. Mwelekeo au mwinamo wa gurudumu ukipotoka, hulika upande mmoja.

5. Hesabu: gurudumu lililopotoka nyuzi 1 huburutwa kando kiasi cha mita 17 katika kila kilomita 1. Je, katika kilomita 100 litaburutwa mita ngapi? (Jibu: mita 1,700.)

Angalizo

Mwanafunzi aweza kusema kwamba gari likivuta upande, basi alaimenti ni mbovu. Usimkatae wala usimkubalie upesi. Muulize: upepo wa matairi ya kushoto na kulia ni sawa? Breki ya gurudumu moja haishiki? Mtoto aliyekaririshwa jibu atamlipa fundi kwa kazi isiyohitajika, au ataendelea kuendesha juu ya tairi lililokwisha hata mvua inyeshe na gari liteleze. Aliyezoezwa kuchunguza atatazama kwanza.

Zoezi kwa mwanachuo

Andaa maswali matano ya hatua ya pili ambayo hayamtajii mwanafunzi jibu.