Mgeni na Mwenyeji: Kuendesha Programu za Linux kutoka Mbali

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna programu ya Linux yenye madirisha na vitufe inavyoweza kufanya kazi ndani ya tarakilishi ya chuo kikuu, huku dirisha lake likionekana mbele ya mtafiti aliye mbali. Hoja yetu ni kwamba mbinu hii haieleweki, wala hatari yake haionekani, mpaka tubainishe nani mgeni na nani mwenyeji.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa fasihi simulizi aliye nyumbani Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Rekodi za ngano za Kigiriama anazozitafiti zimehifadhiwa chuoni, nazo ni nzito mno kupakuliwa kwa bando la simu. Anahitaji Praat, programu ya kuchanganua sauti iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ili apime vituo na kidatu cha msimulizi. Kutumia mtambo usiofikiwa kwa mkono si jambo geni katika upande huo wa pwani. Ngomeni, jirani ya Gongoni, kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio, ambacho kilitumika kuwasiliana na satelaiti ya Swift iliyorushwa mwaka 2004.

2.0 Tatizo la istilahi

Mfumo wa madirisha wa X ulianzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Toleo la X11 lilitolewa mwaka 1987. Katika mfumo huu, neno seva huwapotosha wengi. Tumezoea kuiita seva ile tarakilishi kubwa ya mbali. Katika X, kinyume chake, seva ni programu iliyo mezani pa mtumiaji, kwani ndiyo inayomiliki skrini, kibodi na kipanya. Praat iliyo chuoni ndiyo mteja. Huomba ichorewe dirisha, na huomba iarifiwe kila kitufe kinapobonyezwa.

Tunapendekeza basi seva ya X iitwe mwenyeji, na programu ya mbali iitwe mgeni. Istilahi hizi hufuata uamilifu wa kitu badala ya umbo la neno la kigeni. Aidha, wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarakilishi dhaifu ya Gongoni hupona kwa nguvu za mgeni wake.

3.0 Njia ya kumpitisha mgeni

Mawasiliano ya X yenyewe hayafichwi, hivyo hayafai kupitishwa wazi katika intaneti. Dawa yake ni SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. SSH husimba kila kinachopita. Hatua ni hizi:

(i) Msimamizi wa tarakilishi ya chuo aweke X11Forwarding yes katika faili ya sshd_config, na ahakikishe kuwa programu ya xauth imo.

(ii) Mtafiti awe na mwenyeji. Linux kwa kawaida huwa naye. Katika Windows husakinishwa VcXsrv, na katika macOS husakinishwa XQuartz.

(iii) Mtafiti aandike ssh -X -C, kisha jina lake la mtumiaji, alama ya @ na anwani ya tarakilishi ya chuo. Herufi C hubana data, jambo linalofaa penye mtandao wa polepole.

(iv) Akishaingia, aandike praat & na dirisha litafunguka mbele yake.

4.0 Mipaka na hatari

Kwanza, X husafirisha picha, wala haisafirishi sauti. Mtafiti ataona mawimbi ya sauti na kupima vituo, lakini hatamsikia msimulizi. Akitaka kusikiliza, na akate kipande kifupi na kukinakili kwa amri ya scp. Pili, mtandao ukikatika, programu hufa pamoja na kazi isiyohifadhiwa. Xpra husaidia hapa, kwani huiacha programu ikiendelea chuoni hadi mtumiaji arejee.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mgeni aliyeaminiwa kikamilifu anaweza kusoma kila kitufe unachobonyeza, hata neno la siri unaloliandika katika dirisha jingine la X. Imani hiyo hutolewa na ssh -Y. Chaguo la -X limekusudiwa kumwekea mgeni mipaka, ila katika Debian na Ubuntu mpangilio wa kawaida huifanya -X iwe sawa na -Y. Mwenye kutaka mipaka hiyo na aandike ForwardX11Trusted no katika mpangilio wake wa ssh.

5.0 Hitimisho

Anayedhani kwamba seva iko chuoni ataona usalama ni jukumu la chuo peke yake. Anayejua kwamba yeye ndiye mwenyeji atauliza kwanza anamfungulia nani mlango. Istilahi sahihi, kwa hiyo, si pambo la lugha. Ni sehemu ya kinga ya mtumiaji. Wanafunzi wa Kiswahili tunaounda istilahi za taaluma hii hatuna budi kuuelewa kwanza utendakazi wa kitu, ndipo tukipe jina.