Chukudu Iliyokimbia Peke Yake

Bahati anakaa Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, karibu na barabara iendayo Sake. Anasoma darasa la tano. Dada yake mdogo anaitwa Furaha, naye anasoma la tatu. Baba yao ni mtu wa chukudu.

Ninyi watoto wa Goma mnaijua chukudu tangu mlipojifunza kutembea. Lakini wenzenu wa mbali watasoma somo hili pia, basi tuwaeleze. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Haina injini, haina mnyororo, haina kiti. Magurudumu yenyewe ni ya mbao, yamevikwa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la gari na kupigiliwa misumari. Mbele kuna usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe. Katikati kuna ubao mrefu wa kuwekea mizigo. Juu ya ubao huo mwenye chukudu hupiga goti moja, penye kipande cha kandambili ili goti lisichubuke, na mguu wa pili husukuma chini. Akifika penye mteremko, hasukumi tena. Husimama tu, na chukudu hukimbia yenyewe. Nyuma kuna kipande cha mpira kinachogusa gurudumu: mtu akikikanyaga kwa nguvu, mwendo hupungua. Hiyo ndiyo breki.

Wazee husema kwamba chukudu za kwanza zilionekana miaka ya 1970. Chukudu kubwa hubeba kilo mia kadhaa za viazi, kabichi, makala au mbao. Mjini Goma, katikati ya njia panda ya mviringo, imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu. Kila mji huweka sanamu za watu wake wakubwa, na Goma iliona kwamba huyu naye anastahili.

Njia ilipokuwa salama, baba ya Bahati alikuwa akipanda mpaka Kibumba, njia ya Rutshuru, akishuka na kabichi na poro. Chukudu hiyo ndiyo iliyonunua unga na mafuta ya nyumbani. Ndiyo iliyolipa shule.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka, shangazi yao anayekaa Ubelgiji alituma filamu fupi katika simu ya Mama. Ilionyesha bustani kubwa ya michezo inayoitwa Walibi, katika mji wa Wavre. Humo watu hupanda magari madogo yanayokimbia juu ya njia ya chuma. Njia hiyo hupanda kama mlima, ikashuka ghafula, ikajipinda, ikapanda tena. Gari moja la huko, liitwalo Kondaa, lilianza kukimbia mwaka wa 2021. Kilele chake kina urefu wa meta 50, na mwendo wake hufika kilomita 113 kwa saa. Katika filamu watu walikuwa wanapiga kelele sana, na walipofika chini walikuwa wanacheka.

Bahati aliitazama filamu mara nne. Akasema, “Baba, na sisi twende.”

Baba akacheka. “Mwanangu, Ubelgiji ni mbali, na tikiti ya ndege ni ghali kuliko nyumba yetu. Lakini mteremko si mali ya Wabelgiji peke yao. Jumatatu ya Pasaka sitafanya kazi. Tutakwenda kutembea wote upande wa ziwa, na chukudu itakwenda bila mzigo.”

Baba alisema kweli kuliko alivyojua, maana michezo ile ya Ulaya ilizaliwa na vitu kama chukudu. Zamani sana, katika nchi ya Urusi, ambako baridi hugandisha maji kuwa barafu, watu walijenga vilima vya mbao, wakamwagia maji juu yake, na maji yakaganda. Kisha walishuka juu yake wakiwa wamekaa, mbio kama mshale. Wafaransa waliuiga mchezo huo. Kwao barafu haikudumu, basi wakatia magurudumu. Mwaka wa 1817 vilima vya namna hiyo vilifunguliwa Paris. Mpaka leo katika Kifaransa mchezo huu huitwa “milima ya Kirusi.” Kumbe Warusi wenyewe huuita “milima ya Kiamerika”! Kila mtu humsingizia jirani.

Waamerika nao walikuwa na yao. Mwaka wa 1827, huko Mauch Chunk, katika jimbo la Pennsylvania, ilitengenezwa njia ya reli ya kushusha makaa ya mawe kutoka mlimani. Mabehewa yalishuka yenyewe kwa uzito wao, na nyumbu waliyavuta tena mpaka juu. Nyumbu hao walipelekwa chini ndani ya behewa lao. Husemwa kwamba walipokwisha kuzoea starehe hiyo, walikataa kushuka kwa miguu. Baadaye watu walianza kulipa ili nao washuke kama nyumbu. Mwaka wa 1884 mtu mmoja, LaMarcus Thompson, alijenga njia kama hiyo kwa mchezo tu, katika Coney Island, karibu na New York. Bei ilikuwa senti 5. Gari lake lilikwenda kama kilomita 10 kwa saa. Chukudu ya baba ya Bahati ingelipita mbali!

Sasa fikirini vizuri. Gari la mchezo, likiisha kuachwa kileleni, mara nyingi halina injini ya kulisukuma. Mnyororo hulivuta mpaka kilele cha kwanza, na hapo huliacha. Uzito wake hulivuta chini, na mbio lililopata katika kushuka hulipandisha kilima cha pili. Lakini upepo hulizuia, na magurudumu husugua chuma, na hivyo sehemu ya nguvu hupotea njiani. Kwa hiyo kilima kinachofuata ni lazima kiwe kifupi kuliko kile cha kwanza. Fundi akisahau jambo hilo, gari halitafika juu, litarudi nyuma. Tena magari hayo yana magurudumu ya aina tatu: mengine hukaa juu ya chuma, mengine ubavuni, na mengine chini yake. Kwa njia hiyo gari limeshikwa pande zote, haliwezi kuruka nje. Likumbukeni neno hili la magurudumu ya chini, maana Bahati hakulijua.

Jumatatu ilifika. Mama alibeba chungu cha viazi na sambaza, Furaha alibeba maji, na mtoto mdogo aliketishwa juu ya chukudu kama mfalme. Walifuata barabara ya Sake, kisha wakapinda kushoto kuelekea ziwa. Nchi ya huko ni ya mawe meusi, ambayo zamani yalikuwa moto wa volkano. Kuna mashimo mengi na vilima vidogo. Hapo karibu kuna Ziwa la Kijani, dogo, la mviringo, ndani ya mdomo wa volkano ndogo iliyokufa.

Baba alichagua njia ya udongo isiyo na mawe mengi, isiyo ndefu. Alishuka kwanza peke yake ili kuijua. Kisha alimchukua Furaha mbele yake, akamshika kwa magoti, wakashuka. Furaha alifumba macho mpaka mwisho, akafika chini, akasema, “Tena!” Bahati alishuka naye mara tatu. Hata Mama alishuka mara moja, nguo ameifunga kiunoni, na watu waliokuwa wanapita njiani wakapiga makofi. Baba alirudia neno moja kila mara: “Mguu wako ukae juu ya breki kabla hujaondoka, si baadaye.”

Wakala, wakapumzika. Baba akalala kivulini. Alikuwa hajalala mchana tangu Noeli.

Bahati aliitazama chukudu. Akatazama kilima kirefu zaidi, upande wa pili. Mbele ya kilima hicho kulikuwa na kingine kifupi, kama katika filamu. Akasema moyoni, “Nitashuka huku, nitapanda kule.” Furaha alimwambia, “Yaya, Baba hakusema.” Hakumsikiliza. Aliisukuma chukudu mpaka juu, akasimama juu yake, akaiachilia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Upepo ulimpiga usoni. Akaanza kupiga kelele kama wale wa Ubelgiji. Kisha gurudumu la mbele likapiga jiwe, chukudu ikaruka. Hapakuwa na chuma cha kuishika. Bahati akakumbuka breki, lakini mguu wake ulikuwa mbali. Usukani ukamponyoka. Akajitupa ubavuni, akabingirika juu ya mawe, magoti na viganja vikachubuka.

Chukudu haikusimama. Ilikimbia peke yake, ikakwepa kile kilima kifupi, ikapita kati ya vichaka, ikatumbukia katika bonde dogo lililozungukwa na mawe. Wakasikia mbao zikilia, kisha kimya.

Bahati aliinuka. Hakusikia maumivu. Alifikiri jambo moja tu: chukudu ya Baba. Akakimbia mpaka ukingo wa bonde. Akaiona chini kabisa, imelala, gurudumu la juu likizunguka bado. Haikuwa mbali, kama hatua kumi na tano. Akatanguliza mguu ili ashuke.

“Bahati! Simama! Usishuke!”

Baba alikuwa anakuja mbio. Bahati hakuwa amepata kusikia sauti hiyo kinywani mwa Baba. Akasimama. Baba akamshika mkono, akamvuta nyuma, mbali na ukingo, akamkalisha chini. Alikuwa anatetemeka, yeye Baba.

“Tazama kule, karibu na usukani,” akasema. “Unaona nini?”

Bahati akatazama. Kulikuwa na mjusi amelala chali. Kando yake ndege wawili wadogo, mabawa wazi. Hawakuwa na jeraha.

“Ni mazuku,” akasema Baba.

Watoto, mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano, zaidi upande huu wa magharibi wa Goma, karibu na ziwa. Wataalamu huiita gesi kaboniki. Haina rangi, wala haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kama mara moja na nusu. Kwa sababu ya uzito huo hushuka na kutulia katika mashimo na mabonde, kama maji yanavyotulia, ila maji huonekana. Upepo ukivuma na jua likiwaka, hutawanyika kidogo. Usiku, alfajiri, na saa zisizo na upepo, hujaa. Mtu mrefu anaweza kusimama ukingoni na kichwa chake kikawa salama, na mtoto au mbuzi aliye kando yake akaanguka. Ikiwa nyingi, mtu huzimia upesi sana, wala hapati nafasi ya kuita. Na mara nyingi anayemfuata ili kumwokoa huanguka juu yake. Mahali pengine wataalamu wa volkano wameweka mabango ya hatari, lakini si kila shimo lina bango.

Baba alifunga nyasi kavu kwenye ncha ya kamba ya mizigo, akaziwasha, akazishusha polepole akiwa amesimama juu. Moto uliwaka vizuri. Ulipopita nusu ya bonde, ulizimika mara moja, kama uliotiwa majini. Moshi haukupanda, ulitanda palepale. Bahati aliutazama bila kusema neno. (Ninyi msilijaribu jambo hili. Mwalimu ataonyesha darasani, kwa mshumaa ndani ya chupa pana.)

Jua lilikuwa linateremka. Baba aliokota tawi lenye kulabu, akalifunga kwenye kamba pamoja na jiwe, akalitupa. Mara ya kwanza alikosa, na ya pili, na ya saba. Wanaume wawili waliokuwa wanatoka kuteka maji waliweka bidoni zao chini wakamsaidia. Hatimaye kulabu ilishika usukani. Wakavuta wote, Mama naye, mpaka chukudu ikapanda. Gurudumu la mbele lilikuwa limepasuka katikati, na ubao mmoja umevunjika.

Walirudi Ndosho kwa miguu gizani, wakiibeba chukudu begani. Baba hakumpiga Bahati, wala hakusema naye njia nzima. Kwa Bahati hilo lilikuwa zito kuliko fimbo.

Kazi ya kutengeneza ilichukua siku mbili, na siku hizo mbili nyumbani walikula viazi bila mafuta. Jioni ya siku ya pili Baba alimwita. Gurudumu jipya lilikuwa tayari, jeupe bado. Akampa nyundo, misumari minne, na kipande cha mpira.

“Breki utaitia wewe,” akasema.

Bahati alipiga magoti, ingawa yalikuwa yanamwuma, akashika msumari wa kwanza. Ulipinda. Baba akaunyosha kwa jiwe, akamrudishia.

Maulizo. — Kwa nini kilima cha pili cha gari la mchezo ni kifupi kuliko cha kwanza? Gari hilo lina kitu gani ambacho chukudu haina? Kwa nini moto wa nyasi uliwaka juu ukazimika chini? Mwenzako akianguka katika bonde lenye mazuku, utafanya nini kwanza, na hutafanya nini? Karibu na nyumba yenu kuna shimo ambalo wazee hukataza watoto kushuka? Waulize sababu yake, ukaiandike katika daftari lako.