Asilimia ya Mavuno: Hesabu na Amana

Katika maabara ya kemia maswali mawili huja pamoja: kati ya vitu tulivyochanganya, kipi kitakwisha kwanza? Na tulichopata ni kiasi gani cha kile tulichotarajia?

Tuchukue utengenezaji wa aspirini. Asidi ya salisiliki huungana na anhidridi ya asetiki, moli moja kwa moli moja, ikatoka moli moja ya aspirini. Tuseme una gramu 6.90 za asidi na gramu 6.12 za anhidridi.

Kwanza, geuza gramu ziwe moli. Moli moja ya asidi ni gramu 138, kwa hiyo 6.90 ÷ 138 = 0.050. Moli moja ya anhidridi ni gramu 102, kwa hiyo 6.12 ÷ 102 = 0.060.

Pili, linganisha moli. Asidi ndiyo nzito zaidi kwenye mizani, lakini ndiyo inayokwisha kwanza na kuweka kikomo. Anayetazama gramu peke yake hukosea hapa. Kama mlinganyo si moja kwa moja, gawa kwanza moli za kila kitu kwa namba iliyo mbele yake katika mlinganyo.

Tatu, tafuta mavuno ya hesabu. Moli moja ya aspirini ni gramu 180: 0.050 × 180 = gramu 9.00.

Nne, kausha ulichopata, kisha pima. Ukipata gramu 7.20, basi 7.20 ÷ 9.00 × 100 = asilimia 80.

Ile 20 imekwenda wapi? Nyingine imeyeyuka katika maji ya kuoshea, nyingine imeganda kwenye karatasi ya kuchujia. Hilo si aibu. Cha kutilia shaka ni gramu 9.45, yaani asilimia 105. Aspirini haizidi kile ambacho asidi yako inaweza kutoa. Huenda umepima na maji, au na uchafu.

Ndipo kishawishi huja: kuifuta 105 na kuandika 90, au kuipandisha 55 iwe 80 ili ripoti ipendeze. Ndugu yangu, usifanye. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inawaonya wanaopunja vipimo, na namba ya maabara nayo ni kipimo. Mwenzako ataitegemea kesho. Andika 55, kisha eleza sababu. Maelezo hayo ndiyo elimu yenyewe.